Tumbo Linasingiziwa

Nilipokuwa na umri wa miaka saba hivi nilimeza mbegu ya chungwa, na bibi yangu akaniambia mchungwa utaniotea tumboni, matawi yatokee masikioni. Alitaka nile taratibu. Mimi nililala usiku ule nikijipapasa masikio. Tangu hapo nimekutana na watu wazima, wengine wamesoma hadi chuo, ambao habari ya mchungwa wameshaiacha lakini bado wanashikilia nyingine za ukoo huohuo: sukari huzaa minyoo, njaa hutoboa tumbo, mbegu ya pera huleta kidole tumbo.

Nadhani sehemu ya tatizo imo katika neno lenyewe. Kwa Kiswahili, tumbo ni ule mfuko unaopokea chakula. Tumbo pia ni mbele yote ya mwili, kutoka mbavuni hadi kiunoni. Na mama mjamzito naye tunasema ana mtoto tumboni. Mtoto anayesikia hayo yote hujenga akilini chumba kimoja kikubwa kisicho na ukuta, ambamo ugali, minyoo, mbegu za matunda na mdogo wake wanakaa pamoja. Shuleni tulikaririshwa orodha: mdomo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Tuliimudu kwa mpangilio wake na kupata alama zetu. Kazi inayofanyika katika kila kituo haikutukaa vichwani, na pengo hilo likajazwa na maneno ya mitaani.

"Ukimeza mbegu ya chungwa itakuotea tumboni."

Si kweli. Ili iote, mbegu inataka maji, joto na oksijeni. Mwilini maji yapo na joto lipo, nyuzi 37, lakini ndani ya utumbo oksijeni ni haba sana. Tena mbegu haipewi muda. Hukaa tumboni saa chache ikiwa imezungukwa na asidi, kisha husukumwa mbele, na kwa kawaida baada ya siku moja hadi tatu imeshatoka nje. Ganda lake ni gumu, nasi hatuna kimeng'enya cha kulivunja, kwa hiyo mara nyingi hutoka nzima. Ndiyo maana minyanya na mipera huchomoza mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda, nyuma ya choo cha shimo au kandokando ya mabwawa ya majitaka. Mmea umetufanya chombo cha kusafirishia watoto wake, kama unavyowafanya popo na ndege.

"Chakula humeng'enywa tumboni."

Hii ni kweli nusu, na ndiyo mama wa nyingine zote, basi tukae nayo kidogo.

Kazi huanzia mdomoni. Chukua tonge la ugali mtupu, bila mboga, ulitafune kwa dakika moja au mbili pasipo kulimeza. Utasikia utamu unaingia taratibu. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi ambacho huukata wanga vipandevipande na kuugeuza kuwa sukari. Mwalimu mwenye chupa ya iodini anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hilohilo kwa macho. Tone la iodini juu ya ugali hugeuka bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Lakini ugali laini uliochanganywa na mate na kuachwa mahali penye joto hupoteza rangi hiyo kadiri wanga unavyokwisha.

Ukimeza, kidakatonge hufunika njia ya hewa, kikichelewa, unapaliwa. Tonge halianguki tumboni kama jiwe kisimani. Umio, wenye urefu wa sentimita 25 hivi, una misuli inayobana nyuma ya tonge na kulisukuma mbele, hivyo hata anayening'inia kichwa chini anaweza kumeza, na wanaanga hula vizuri huko ambako hakuna juu wala chini.

Sasa tumbo lenyewe. Hapa chakula hukorogwa pamoja na asidi ya haidrokloriki na kimeng'enya cha pepsini kinachoanza kuzivunja protini. Jinsi tulivyoyajua haya ni kisa chenye uchungu. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja kibarua wa biashara ya manyoya, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya ubavuni. Alipona, lakini tundu lililoingia hadi tumboni halikufunga tena. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, akaanza kufunga vipande vya nyama kwenye uzi wa hariri, kuviingiza kwenye lile tundu, na kuvivuta baada ya saa kadhaa. Alichota pia maji ya tumbo, akayatia kwenye kichupa pamoja na nyama, akakiweka penye joto la mwili. Nyama ililainika na kuyeyuka mlemle kichupani, nje ya mtu kabisa. Hapo ikawa wazi kwamba tumbo halisagi tu kama kinu, bali kuna kazi ya kikemia. Kitabu cha Beaumont kilitoka mwaka 1833. Ninapokifikiria, namfikiria zaidi St. Martin, mtu maskini aliyefanywa dirisha kwa miaka. Kila mwanafunzi anayechora mfumo wa mmeng'enyo ana deni kwake.

Pamoja na yote hayo, kazi kubwa bado haijafanyika. Inangoja utumbo mwembamba. Huko kongosho humwaga vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta, na ini huleta nyongo. Ini ndilo linaloitengeneza. Kile kifuko cha kijani ambacho mchinja kuku hukiondoa kwa uangalifu, kisije kikapasuka nyama ikawa chungu, ni ghala tu. Nayo nyongo haina kimeng'enya cha kumeng'enya mafuta. Inayafanyia kile ambacho sabuni hulifanyia sufuria la pilau: huyatawanya kuwa matone madogomadogo ili vimeng'enya viyafikie.

Hukohuko ndiko chakula kinakoingia kwenye damu, kupitia vinyweleo laini vilivyojaa kwenye ukuta wa utumbo. Vitabu vingi vilitufundisha kwamba ukuta huo ukikunjuliwa ungefunika uwanja wa tenisi. Nayo hiyo imepitwa na wakati. Mwaka 2014 watafiti Helander na Fändriks wa Gothenburg, Uswidi, walipima upya, wakapata kwamba njia yote ya chakula ina eneo la takriban mita za mraba 32. Hiyo ni sebule kubwa, ambayo kwa kitu kilichokunjwa ndani ya mtu mmoja bado inashangaza.

Na ushahidi ulio mzito kuliko wote ni huu: wapo watu waliokatwa tumbo lote kwa sababu ya saratani, wakaendelea kuishi kwa kula kidogokidogo mara nyingi na kudungwa vitamini B12. Aliyepoteza utumbo mwembamba wote hawezi kuishi kwa kula. Lazima alishwe kupitia mshipa.

"Chingamu ukiimeza inanata tumboni miaka saba."

Si kweli. Sukari yake humeng'enywa, na mpira uliobaki hutoka pamoja na choo katika siku chache. Mtoto mdogo asipewe, kwa sababu anaweza kukabwa nayo, na akimeza nyingi mfululizo zinaweza kushikana na kumziba utumbo.

"Vidonda vya tumbo vinaletwa na njaa na pilipili."

Si kweli, na kauli hii inawaumiza watu wengi. Kwanza, vingi vya vidonda hivyo haviko tumboni. Viko kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, hatua moja baada ya tumbo. Pili, visababishi vyake vikuu ni viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kwa muda mrefu.

Habari ya bakteria huyo ilitoka Perth, Australia. Robin Warren alimwona kwenye hadubini, na mwaka 1982 yeye na Barry Marshall wakafanikiwa kumkuza maabara. Madaktari wenzao hawakukubali, kwani iliaminika kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kudumu katika asidi ile. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao. Siku chache baadaye alikuwa akitapika, na vipimo vikaonyesha tumbo lake limevimba kwa ndani. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Kwa nini basi tunaisingizia njaa? Kwa sababu maumivu ya kidonda cha duodeni hupenda kuja tumbo likiwa tupu, mara nyingi usiku wa manane, na hutulia mtu akila. Mgonjwa anaona njaa imekuja na maumivu yamekuja, anaunganisha. Pilipili nayo inaweza kuwasha palipo na kidonda, lakini haichimbi kidonda. Nimewajua watu waliokaa miaka wakinywa maziwa na kukwepa maharage na pilipili, wakati bakteria wako palepale. Anayekutwa nao hupewa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14, na wengi hupona kabisa. Asiyepimwa huendelea kulaumu chakula cha jana.

"Mtoto akila sukari nyingi atapata minyoo."

Si kweli. Atapata meno mabovu. Mchango, yaani ile minyoo mviringo, hutoka kwenye mayai yaliyomo katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, nayo huingia kwa mkono mchafu au kachumbari isiyooshwa. Jike mmoja aweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Mayai yakianguliwa utumboni, viluwiluwi vyake hupenya hadi kwenye damu, hufika mapafuni, hupanda hadi kooni, humezwa tena, na ndipo hukua katika utumbo mwembamba. Safura yeye hana haja na mdomo: hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, kisha hukaa utumboni akinyonya damu. Nadhani pipi ililaumiwa kwa sababu mtoto anayechezea mchanga hulamba pipi kwa vidole vilevile.

Na tumbo likinguruma, si minyoo inayodai chakula. Ni hewa na majimaji vikisukumwa na misuli, na sauti husikika zaidi pale ambapo hakuna chakula cha kuizuia.

"Maziwa yakikuharisha, basi yalikuwa mabovu."

Si lazima. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na ili kuivunja tunahitaji kimeng'enya cha laktesi. Watoto wachanga karibu wote wanacho. Kwa watu wazima wengi duniani hupungua, hivyo laktosi hupita nzima hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanaichachua, gesi inajaa na mtu anaharisha. Jamii za wafugaji ni tofauti. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya kijenetiki yanayowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni, na mabadiliko hayo yalitokea hapahapa Afrika, mbali na yale ya Wazungu. Asiyeweza maziwa mabichi ajaribu mtindi, maana bakteria wa mtindi wameshaila sehemu ya laktosi.

"Mbegu za mapera huleta kidole tumbo."

Karibu si kweli kabisa. Neno "karibu" nimeliweka kwa sababu ya kijana wa miaka 11 aliyepasuliwa London mwaka 1735 na Claudius Amyand, katika upasuaji wa kwanza wa kidole tumbo unaojulikana kufanikiwa. Ndani yake palikutwa pini aliyoimeza. Kitu kilichomezwa kinaweza kukwama humo, lakini ni nadra mno. Kwa kawaida kidole tumbo huvimba kikizibwa na choo kilichoganda au na uvimbe wa tezi za ukuta wake, kisha bakteria wakazaliana nyuma ya kizuizi. Kumnyima mtoto mapera kwa hofu hiyo ni kumnyima tunda lenye vitamini C mara nne hivi ya chungwa.

Hofu yenyewe ina ubaya mwingine. Mtu anashikwa na maumivu, anakumbuka hajala mapera mwaka mzima, anajipa moyo kwamba ni gesi. Maumivu ya kidole tumbo mara nyingi huanzia kitovuni, na baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia, pamoja na kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika, na homa kidogo. Mgonjwa wa namna hiyo asikandwe tumbo wala asipewe dawa ya kuharisha. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kabla hakijapasuka.