Je, Wajua? Nikeli Yenye Vumbi Ndani

Je, wajua kuwa nikeli inayong'aa juu ya chuma inaweza kuharakisha kutu? Kitobo kimoja kinatosha. Maji ya chumvi yakipenya, chuma ndicho kinacholiwa, nikeli ikibaki salama, na kutu huchimba kwenda chini. Zinki haina tabia hiyo. Yenyewe hutangulia kuliwa.

Dawa mojawapo ya vitobo hivyo vya nikeli ni kutia vumbi gumu, kama alumina au kabidi ya silikoni, katika tangi la kupakia nikeli kwa umeme. Mchanganyiko wa tangini mara nyingi bado ni ule wa Mmarekani Oliver Watts wa mwaka 1916: salfeti ya nikeli, kloridi ya nikeli na asidi ya boriki. Umeme ukipita, nikeli hujijenga juu ya chuma na kuzifungia chembe za vumbi hilo humo humo. Ukubwa wa chembe hizo hupimwa kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita 1,000,000! Chembe hizo hupunguza vitobo na kuzuia fuwele za nikeli zisikue, hivyo tabaka huwa gumu zaidi.

Kazi ngumu ni kuzizuia chembe hizo zisishikane mabonge. Na chuma kisiposafishwa mafuta na kutu kwanza, tabaka litabambuka tu, liwe na chembe hizo au lisiwe nazo.