Pijo ya Injeksheni: Kabla Hujatoa Hela Kilosa

Dalali akikwambia kuna Pijo 404 ya zamani inauzwa Kilosa, bodi nzima, milango inafunga vizuri, na bei yake iko chini kuliko ulivyotegemea, muulize kwanza kama ina kabureta au injeksheni. Akijibu, "Ina injeksheni, ila fundi anaitoa tu," usikate simu. Magari haya hushushwa bei kwa sababu wanunuzi wanayaogopa. Wakifungua boneti hawaoni kabureta. Wanakuta pampu ya chuma yenye mabomba manne membamba yanayokwenda kwenye silinda hedi, na hakuna mahali pa kuchomeka mashine ya kupimia. Wanafunga boneti na kuondoka.

Nimefanya kazi na pampu hizi muda mrefu, na nasema woga huo hauna msingi. Pampu yenyewe si fumbo. Yapo mambo machache ya kuogopa kweli, na yote mnunuzi anaweza kuyakagua mwenyewe siku moja kabla ya kulipa.

Kwanza, ijue heshima ya kitu unachokinunua. Peugeot walitoa 404 mwaka 1960 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,618 na kabureta. Miaka miwili baadaye wakaongeza toleo la injeksheni lenye pampu ya Kugelfischer, kampuni ya Schweinfurt, Ujerumani, iliyokuwa na jina kubwa kwa beringi. Injini hizo hutambulika kwa herufi KF. Pampu hiyo iliwekwa kwenye saluni, na pia kwenye kupe na zile za kufunguka paa, ambazo bodi zake zilitengenezwa na Pininfarina huko Turin. Hizo mbili ndizo za kimichezo hasa, na ukiipata moja ikiwa nzima, umepata mali.

Heshima hiyo ilithibitika mbioni pia. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalikuwa yakikimbizwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, katika barabara za matope za Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell katika 404 ya injeksheni. Mwaka 1968 Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda kwa gari la aina hiyohiyo, na mwaka huo kati ya magari zaidi ya 90 yaliyoanza, yalimaliza saba tu. Hata kabla yao, mwaka 1961, John Manussis alishinda kwa Mercedes 220SE, ambayo nayo ina pampu ya kimakenika, ila ya Bosch. Basi mtu anayekwambia injeksheni hizi hazifai kwa barabara zetu, mkumbushe matope hayo.

Sasa tuingie ndani ya pampu. Ina plunja nne, moja kwa kila silinda. Kila plunja husukuma tone la petroli kwenye bomba lake, na msukumo ukizidi bar 30 nozeli hufunguka na kupuliza mafuta kwenye njia ya hewa, karibu na valvu. Petroli haiingii moja kwa moja kwenye silinda kama ilivyo kwa dizeli. Hadi hapo ni kazi rahisi. Ugumu uko kwenye kipimo: tone liwe kubwa kiasi gani, na lini? Hapo ndipo Wajerumani walipoweka akili yao. Ndani ya pampu kuna kipande cha chuma chenye umbo la koni, na uso wake umechongwa miinuko na mabonde ambayo jicho haliyaoni ila kidole huyasikia. Koni hiyo hujongea kwa namna mbili: inafuata mguu wa dereva na inafuata mizunguko ya injini. Mkono mdogo wa chuma hugusa uso huo na kuiamuru plunja isafiri mbali au karibu. Ukipanda mlima kwa gia ya pili huku umekanyaga mafuta mpaka chini, mkono huwa sehemu moja ya koni. Ukiteremka umeachia mguu, huwa sehemu nyingine kabisa. Kila hali ya injini ilipimwa kiwandani na kuchongwa hapo. Kipimo hicho hakipotei kwa betri kuishiwa, wala hakifutiki.

Kitu kimoja ambacho koni haikijui ni hewa. Inajua mguu na inajua mizunguko, basi. Pampu nyingine, kama ile ya Bosch kwenye Mercedes 230SL, zina kikopo kinachofuata mgandamizo wa hewa na kurekebisha kipimo chenyewe. Zisizo na kikopo hicho hubaki na kipimo zilichowekewa. Kwa hiyo muulize muuzaji gari limetokea wapi. Kama miaka yote lilikuwa Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na fundi wa huko alipunguza mafuta ili lisitoe moshi, likishuka Kilosa litakuwa na hewa nzito na mafuta machache. Litavuta kwa unyonge, litapata joto, na likikimbizwa sana pistoni zitaungua. Mnunuzi atalaumu injeksheni, kumbe ni marekebisho ya mlimani.

Adui mkubwa wa pampu hii ni mafuta machafu. Dizeli ina utelezi wake, kwa hiyo huilainisha pampu inapopita. Petroli haina. Plunja za petroli hutegemea oili, na nafasi kati ya plunja na nyumba yake ni ndogo mno kiasi kwamba chembe ya mchanga inatosha kuichora. Maji ni mabaya zaidi. Gari likilala miezi mitatu na maji kidogo ndani ya pampu, plunja hushika kutu na kugoma. Petroli ikiachwa ikaoza hugeuka gundi, na matokeo ni yaleyale.

Watu wa Kilosa na Mikumi wanajua tulikotoka kuhusu uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, yakachanganywa humo, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba vya kutambulisha mafuta halali mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchakachua iishe. Hali ikatengemaa sana. Lakini petroli ya kwenye chupa, ile inayouzwa kando ya barabara kwa ajili ya bodaboda, haina wa kuithibitisha. Imekaa juani, imehamishwa kutoka dumu hadi dumu, na dumu lenyewe pengine lilikuwa na maji. Bodaboda itaisamehe. Pampu ya Kugelfischer haitasamehe. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, na usisubiri tenki likaribie kukauka, maana uchafu wote uko chini.

Siku ya kukagua gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa kiganja kuhakikisha injini ni ya baridi kweli. Washa switchi bila kupiga stata, usikilize nyuma: utasikia pampu ndogo ya umeme ikivuma. Kazi yake ni kuifikishia petroli pampu kubwa na kuizungusha ile ya ziada irudi tenkini, na mzunguko huo huo ndio unaopunguza joto. Usiposikia kitu, usihangaike na mengine kwanza.

Piga stata. Injini ya baridi inatakiwa iwake na kuunguruma juu kidogo, kisha itulie yenyewe kadiri maji yanavyopata moto, kwa sababu kifaa cha kupashia joto kinapunguza ziada ya mafuta taratibu. Isipotulia, ikaendelea kutoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli hata rejeta ikiwa ya moto, kifaa hicho kimekwama au fito za kuunganisha pedeli na pampu zimelegea. Hilo si baya. Hutengenezwa.

Kama injini inamisi silinda moja, fundi aliyezoea malori atataka kulegeza nati za mabomba moja moja ili ajue ni ipi. Mkataze kabisa. Kwa dizeli ni sawa, ila hii ni petroli inayoruka kwa nguvu juu ya eksosi ya moto, na gari litawaka. Achomoe waya za plagi, moja baada ya nyingine. Silinda ambayo ukiitoa waya injini haibadiliki ndiyo mgonjwa. Huenda ni plagi, huenda ni nozeli, na huenda ni plunja iliyogoma, ambayo ndiyo ghali.

Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili ikinuka petroli na ikiwa imepanda kupita alama, plunja zimelika na mafuta yanapita kando kuingia kwenye oili. Huo ni ugonjwa mmoja ambao ningeacha gari kwa ajili yake, isipokuwa bei ishushwe kwa gharama ya pampu nzima. Mwisho, liendeshe nusu saa, uzime, ukae dakika kumi na tano kwenye joto la mchana la Kilosa, kisha uwashe tena uone kama litawaka bila taabu. Muuzaji asiyependa ufanye hivyo analijua tatizo lake.

Kuhusu mafundi, hapa ndipo nina furaha na Mikumi. Mji uko kwenye barabara kuu ya Zambia, malori yanalala hapo usiku na mchana, na mafundi wake wamekua wakishika pampu za dizeli. Nilimkuta mmoja, mtu mzima, akiwa na plunja mkononi. Aliisafisha, akairudisha kwenye nyumba yake, akainamisha nyumba hiyo upande na kuiachia. Plunja ikateremka polepole kwa uzito wake wenyewe, bila kusita popote. Akaizungusha kidogo, akarudia. Kijana aliyekuwa akimsaidia akauliza, "Mzee, hii mbona ndogo, ni ya lori gani?" Akajibu, "Ya Pijo, mwanangu. Ya petroli. Kazi ni ileile." Na kweli, kwa plunja na nozeli kazi ni ileile. Nozeli zinapimika kwenye mashine ya mkono inayopimia za dizeli, mradi fundi akumbuke kwamba hizi hufunguka kwa mgandamizo mdogo kuliko alivyozoea, na kwamba ukungu wa petroli haupuliziwi karibu na moto wala sigara.

Asichokuwa nacho fundi wa dizeli ni vipimo vya koni. Skrubu zilizo juu ya pampu asiziguse bila kitabu cha Peugeot. Hata urefu wa fito kati ya pedeli na pampu una kipimo chake: ukiufupisha ili kuondoa moshi wa asubuhi, umeharibu uwiano wa mchana kutwa. Nimeona pampu nzima zikihukumiwa kwa sababu ya valvu zisizosetiwa na pointi zilizoungua. Set valvu, badilisha pointi na plagi, set timingi ya moto, hakikisha hewa haiingii penye gaskit ya manifoldi. Baada ya hayo tu ndipo uitazame pampu. Mara nyingi utakuta haina kosa.

Magari mengi ya KF yalishang'olewa injeksheni na kufungwa kabureta. Silaumu waliofanya hivyo. Mtu alihitaji kwenda shambani Kimamba kesho yake na spea haikuwepo. Gari la namna hiyo ni gari zuri la kutembelea, lakini bei yake iwe ya gari la kabureta. Muulize muuzaji pampu ya zamani iko wapi. Ikiwa stoo, imefungwa kwenye gunia, inunue pamoja na gari, hata kama imekwama. Nyumba ya pampu, koni na fito zake ndivyo vitu vigumu kupata, wakati plunja na sili bado wapo mafundi Ulaya na Marekani wanaozifufua, kwa kuwa pampu za ukoo huohuo zilifungwa pia kwenye Peugeot 504 na BMW 2002 tii, na magari hayo yana wapenzi wengi.

Kadi ya gari ilingane na namba ya chesesi na ya injini. Injini za magari haya zimebadilishwa mno. Kama unaliagiza kutoka nje, ulizia TRA mapema ushuru wa uchakavu, kwa sababu gari lililopita miaka kumi hutozwa zaidi.

Ukishalipa, usilipeleke Mikumi siku hiyohiyo kwa kujionyesha. Mwaga petroli yote iliyomo tenkini, fungua tenki lioshwe, badilisha hozi zote za mpira na chujio, na uweke chujio lenye matundu madogo kuliko la kabureta. Kagua mkanda wa meno unaoizungusha pampu na alama zake za timingi. Badilisha oili. Safari ya kwanza iwe Kilosa hadi Kimamba na kurudi, ukiwa na kizima moto kwenye gari. Ukirudi, fungua chujio uone limekamata nini, kisha uchomoe kijiti cha oili, ukinuse tena.