Kitabu cha Wafu na Majina ya Ukoo

Jina la tatu ambalo wengi wetu huandika juu ya madaftari si jina la ukoo. Ni jina la babu tu. Mtoto wetu naye atakapoandikishwa shule, jina hilo litaachwa na la baba yetu litashika nafasi yake. Hivyo mtu akitaka kurudi nyuma kwa kufuata majina ya namna hii, njia humpotea upesi.

Sisi Walungu na Wamambwe, tukaao kusini ya Ufipa, tunalo jina la ukoo lidumulo, lakini nalo lina mtego wake. Mwanamume huanza na Si, mwanamke na Na. Kaka ni Sikazwe, dada ni Nakazwe. Kaka ni Sinyangwe, dada ni Nanyangwe. Mgeni asiyejua huwadhani watu wa nyumba mbili. Tena watoto wa dada hufuata ukoo wa baba yao, na baada ya vizazi vitatu hakuna anayekumbuka kuwa waliwahi kuwa ndugu.

Jambo hili lilitufika nyumbani likizo iliyopita. Ililetwa barua ya posa kwa ajili ya dada yangu. Kijana ni mwema, naye dada alikwisha kumkubali. Lakini bibi alisema kwamba bibi mzaa bibi wa kijana huyo alikuwa na jina la ukoo wetu. Wazee wakanituma mimi, kwa kuwa ndimi nisomaye, nikatazame makaburini. Huko sikupata kitu. Misalaba ya mti imeliwa na mchwa, na ya saruji ni ya watu wa juzi juzi.

Katekista mzee akaniambia, "Mjukuu wangu, wafu wetu wamo kitabuni." Mapadre Weupe, waliofika Karema mwaka 1885, walizoea kuandika kila jambo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwagiza padre aandike, baada ya maziko, jina na umri wa marehemu, majina ya wazazi wake au ya mumewe au mkewe, siku aliyokufa, na mahali alipozikwa. Basi Baba Paroko aliniruhusu kukaa mezani na kitabu hicho mchana mzima.

Kimeandikwa Kilatini, lakini msomaji asiogope. Maneno ni machache na hurudiwa: *filius* ni mwana wa kiume, *filia* binti, *uxor* mke, *vidua* mjane. Aliyezikwa akiwa mwanamume ni *sepultus*, mwanamke ni *sepulta*. Shida kubwa ni tahajia. Sauti yetu ya "ch" Mjerumani huiandika *tsch*, na Mfaransa *tch*. Kwa hiyo yafaa kulisoma jina kwa sauti, wala si kwa macho tu.

Baba wa babu yangu nilimwona mwaka 1957. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta Na badala ya Si, hata nikamwona yule mama mwaka 1949. Baba yao alikuwa mmoja, mama mbalimbali. Nilinakili mistari yote miwili, nikaipeleka nyumbani. Wazee walikaa jioni moja tu, barua ikarudishwa. Dada hajasema nami sawasawa tangu siku ile, nami sina la kumjibu.

Kitabu hicho hakina watu wote. Aliyekufa kabla ya kubatizwa, au aliyefia mbali, mara nyingi hayumo. Bibi aliniomba nimtafute kaka mkubwa wa baba wa babu, aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita ya 1914–18. Waingereza waliitwaa Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, mwezi wa Juni 1916, na wapagazi walipita njia hizi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao.

Nilimwambia bibi kwamba hayumo. Akanitajia jina lake polepole, mara mbili, nikaliandika.