Antivirusi ya bure ya Windows inatosha, ila usiizime

Msimu wa mitihani, flashi moja pale Didia inaweza kupita kwenye kompyuta nne kwa siku: ya mwalimu, ya steshenari, ya rafiki, halafu ya nyumbani. Jioni ukiifungua, mafaili hayapo, zimebaki shotikati tu. Ukimpelekea fundi, ushauri ni uleule: nunua antivirusi.

Je, unaihitaji kweli? Kwa mtu wa nyumbani, hapana. Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender ndani yake, na hulipii hata senti.

Zamani fundi alikuwa sahihi. Windows XP haikuwa na antivirusi yake, na mwenye Windows 7 alilazimika kupakua Microsoft Security Essentials, iliyotoka mwaka 2009. Kinga kamili ilianza kuja na Windows 8 mwaka 2012, na miaka ile ya mwanzo ilikuwa inashika mkia kwenye vipimo. Siku hizi maabara ya AV-TEST ya Ujerumani huipa mara kwa mara 6 kati ya 6, sawa na zile za kulipia.

Sasa mbona kompyuta zetu bado zinaugua?

Kubwa zaidi ni kwamba tunaizima wenyewe. Ukitaka kuweka Windows au Office ya kukraki, maelekezo mengi huanza na "zima antivirusi kwanza". Fundi anazima, anaweka, anakukabidhi mashine, na hakuna anayekumbuka kuiwasha. Yaani umempa mlinzi likizo usiku uleule unaopokea mgeni usiyemjua. Hapo hata ungenunua antivirusi ya bei mbaya, nayo ingezimwa vilevile.

Halafu kuna bando. Defender hupokea taarifa za virusi vipya kila siku kupitia intaneti. Kompyuta iliyokaa miezi mitatu bila intaneti inalindwa kwa taarifa za miezi mitatu iliyopita, na za kulipia nazo zina tatizo hilohilo. Kama huna bando la kutosha, nenda penye Wi-Fi, pakua faili la mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft, liweke kwenye flashi, kisha lifungue kwenye kompyuta yako. Hakikisha unachukua linaloendana na Windows yako, biti 32 au 64.

Masasisho ya Windows yenyewe nayo usiyakatae. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta kwenye nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa kila mashine. Dawa ya tundu kilichopitia Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi, ila wengi hawakuwa wameiweka.

Wenye Windows 10, hili linawahusu. Msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025. Defender itaendelea kupata taarifa za virusi hadi Oktoba 2028, lakini matundu mapya ya Windows hayazibwi, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza. Kama mashine yako inakubali Windows 11, hamia huko.

Kulipia kuna maana kwa ofisi yenye kompyuta nyingi, ambapo mtu mmoja anatakiwa kuziona zote kwa pamoja.

Na ile flashi yenye shotikati? Usiibofye, na usikubali ifomatiwe haraka. Mara nyingi mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Iskani kwanza kwa Defender, kisha ruhusu Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa na uyanakili kwenye kompyuta. Notsi za kidato cha nne au hesabu za duka za mwaka mzima zinaweza kuwa bado zimo humo.

Kujua kama mlinzi wako yuko kazini, andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafutia na uifungue. Alama za tiki za kijani ni salama. Ukiona nyekundu, muulize fundi aliyekuwekea Office.