Lundo la Mahindi na Swali Lililokwama: Namna ya Kutafuta Msaada wa Hisabati Kabla ya Mtihani

Kila mwaka, miezi michache kabla ya Mei, wanafunzi wa kidato cha sita wanaosoma Hisabati ya Juu huanza kutafuta msaada. Wengine humfuata mwalimu baada ya vipindi, wengine huunda vikundi vya kusoma usiku, wengine hununua vitabu vya majibu ya mitihani iliyopita, na siku hizi wengi hutuma picha ya swali kwa simu wakangojea jibu. Mbele yao zipo karatasi mbili, za saa 3 kila moja, kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwamba msaada unahitajika si jambo la kubishaniwa. Linalofaa kuchunguzwa ni msaada wa namna gani, na uingie mahali gani katika kazi ya mwanafunzi. Kwa maana upo msaada unaomwachia mtahiniwa daftari lililojaa majibu sahihi, na mkono usioweza kuandika hata moja kati ya majibu hayo.

Tuchukue hali ya mwanafunzi aliyerudi nyumbani kwa likizo ya Desemba katika kata ya Buger, wilayani Karatu, kwenye nyanda za juu zinazolitazama Bonde la Ufa, jirani na msitu wa Marang. Shule yake ya bweni iko mbali, na mwalimu wake wa hisabati yuko mbali vilevile. Wakubwa wa nyumbani wanajua mengi kuhusu mahindi, maharage na ng'ombe, lakini kalkulasi si sehemu ya shughuli zao. Mwanafunzi huyu ana daftari, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, na pengine simu ambayo mtandao wake huja na kuondoka. Akikwama, hana budi kutumia vizuri ile nafasi moja ya kuuliza atakayoipata.

Katika karatasi zake limo swali la aina inayojirudia mara nyingi. Mahindi makavu yanamwagwa mahali pamoja juu ya sakafu, kwa kasi ya mita za ujazo 0.2 kwa dakika, kiasi ambacho ni kama gunia moja na nusu la kilo 100. Yanajenga lundo lenye umbo la pia, ambalo nusukipenyo cha kitako chake daima ni mara mbili ya kimo. Je, kimo kinaongezeka kwa kasi gani wakati kinapofika mita 1?

Mwanafunzi anaijua kanuni ya ujazo wa pia: theluthi moja ya zao la eneo la kitako na kimo, yaani V = ⅓πr²h. Anajua pia kwamba swali la kasi hudai kutofautisha. Basi anaona kwamba kimo kikiwa mita 1, r ni mita 2; anaweka 2 mahali pa r, anapata V = (4/3)πh, anatofautisha, kisha anagawanya 0.2 kwa (4/3)π. Jibu lake ni mita 0.048, yaani sentimita 4.8 kwa dakika. Anafungua kitabu cha majibu na kukuta sentimita 1.6. Anarudia hesabu mara tatu na kupata 4.8 kila mara. Hapo ndipo anapokwama, na kukwama huku ni mali yenye thamani, iwapo hakutafutwa.

Msaada wa kwanza unaoweza kumfikia ni jibu zima lililofanyiwa kazi na mtu mwingine. Ataona kwamba r = 2h iliwekwa mapema, kwamba V ikawa (4/3)πh³, kwamba kasi ya ujazo ni 4πh² mara kasi ya kimo, na kwamba 0.2 ikigawanywa kwa 4π hutoa 0.016. Kila mstari utamridhisha. Atasema, «Kumbe!», atanakili, ataendelea na swali la pili. Lakini hajajua bado kosa lake lilikuwa nini. Amejua tu kwamba njia nyingine ipo. Mwezi wa Mei, lundo likigeuzwa kuwa tangi la maji lenye umbo la pia iliyopinduliwa, mkono utarudi katika mazoea yake.

Msaada wa pili ni swali moja tu: «Dakika moja baadaye, kitako cha lundo kitakuwa na upana uleule?» Aliyewahi kuona mahindi yakimwagwa uwanjani baada ya kupukuchuliwa hahitaji kufikiri sana. Punje zinateremka kwenye ubavu wa lundo, lundo linapanuka kadiri linavyopanda, na umbo lake halibadiliki, kwa sababu punje hukataa kusimama wima kupita pembe fulani. Kwa mahindi makavu pembe hiyo haiko mbali na nyuzi 25. Mtunga swali, kwa kuchagua r iwe mara mbili ya h, ameiweka kwenye nyuzi 27 hivi, basi hakubuni kitu cha ajabu. Mwanafunzi anatazama tena daftari lake na kuona mwenyewe kwamba alikigandisha kitako kwenye mita 2 na kuacha kimo peke yake kikue.

Mwalimu anayesoma hatua, wala si jibu tu, ataona jambo jingine. Jibu la 4.8 ni mara 3 ya 1.6 barabara, na hilo si bahati. Kwa kanuni ya kutofautisha zao, badiliko la r²h lina sehemu mbili: moja itokanayo na kupanuka kwa r, ambayo hapa ni 8h² kwa kila badiliko dogo la kimo, na nyingine itokanayo na kimo chenyewe, ambayo ni 4h². Kwa hiyo theluthi mbili za mahindi yote yanayomwagwa hutumika kulipanua lundo, na theluthi moja tu hulipandisha. Mwanafunzi aliyeyapeleka mahindi yote kwenye kimo amepata kasi mara tatu ya ile ya kweli. Kosa lenyewe, likisomwa vizuri, linafundisha hesabu ya lundo kuliko jibu sahihi. Ndiyo maana kufuta kazi iliyokosewa kabla ya kumwonyesha mwalimu ni hasara kubwa, ingawa wanafunzi wengi huifuta kwa aibu.

George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest aliyefundisha Zürich na baadaye Stanford, alitoa mwaka 1945 kitabu juu ya namna ya kutatua maswali ya hisabati. Humo alishauri kwamba swali la mwalimu liwe la aina ambayo lingeweza kumjia mwanafunzi mwenyewe kichwani. Swali la kitako cha lundo ni la aina hiyo. Mwanafunzi atalichukua hadi katika chumba cha mtihani: kati ya vitu hivi, kipi kinabadilika na kipi kimetulia?

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba majibu yaliyokwisha kufanywa hayana kazi. John Sweller na Graham Cooper, katika utafiti wa aljebra waliouchapisha mwaka 1985, walionyesha kwamba wanaoanza mada mpya hunufaika kwa kusoma mifano iliyotatuliwa kuliko kuachwa wakihangaika peke yao. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba faida hiyo hupungua, na hata kugeuka, kadiri mwanafunzi anavyoizoea mada. Aidha, mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari za kusoma: waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka bila kitabu waliwashinda. Habari hizo hazikuwa za hisabati, lakini mwalimu yeyote wa hisabati atalitambua jambo hilo. Kwa mada iliyofundishwa juzi, mfano usomwe. Kwa mada ya kidato cha tano inayorudiwa mwezi wa Machi, mfano ufunikwe kwa karatasi, na mstari mmoja tu ufunuliwe pale kalamu inaposimama.

Kuna kikwazo ambacho hakitajwi vya kutosha. Mtihani huu hutungwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Buger aghalabu amelelewa kwa Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi iliyo mbali kabisa na Kiswahili kwa muundo, akafundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari katika lugha ya tatu. Pengine kosa la lundo halikuanzia kwenye kalkulasi hata kidogo. Maneno «wakati kinapofika mita 1» yanataja nukta moja ya wakati katika jambo linaloendelea; akiyasoma kwa haraka katika lugha asiyoizoea, huyachukua kuwa «kimo ni mita 1», na akishaelewa hivyo, kuweka r = 2 mapema ni halali kabisa. Kabla ya kuomba msaada, basi, inafaa mwanafunzi aliandike swali upya kwa Kiswahili, au kwa Kiiraqw, na kuchora picha mbili za lundo: ya sasa, na ya baada ya dakika moja. Si mara chache swali hujifungua hapo hapo.

Namna ya kuuliza ina historia yake nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa ungali moto uliganda kabla ya uliopozwa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa mjini Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Hakusema tu kwamba haelewi mambo ya joto. Alitaja vyombo viwili vinavyofanana, maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote vikiwekwa penye baridi kali. Akauliza kwa nini kile cha nyuzi 100 huganda kwanza. Swali la namna hiyo hujaribika. Osborne alilijaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanasayansi hawajakubaliana hadi leo juu ya sababu yake, na wengine wanatilia shaka kama jambo lenyewe hutokea daima. Lakini ubora wa swali haukupungua kwa hilo.

Mwanafunzi aliye Buger na mwalimu aliye mbali anaweza kuiga mpango huo katika ujumbe mmoja mfupi: «Shikamoo Mwalimu. Katika swali la lundo la mahindi nimepata sentimita 4.8, kitabu kinasema 1.6. Nimeweka r = 2 katika mstari wa pili. Nadhani kosa liko hapo, ila sioni sababu.» Picha ya ukurasa mzima, pamoja na mistari iliyokatwa, iambatane na ujumbe huo. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi atauelewa kwa dakika moja, na anaweza kujibu kwa sentensi moja. Picha ya swali tupu yenye ombi la «naomba jibu» humlazimu afanye kazi yote, naye, akiwa amechoka, atatuma jibu zima au hatajibu. Kwa asiye na wa kumwuliza, ziko taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani hutoa. Humo yanaonyeshwa makosa halisi ya watahiniwa pamoja na majibu mazuri. Zinastahili kusomwa kuliko vitabu vingi vya majibu vinavyouzwa mitaani.

Msomaji anayetaka kujipima na achukue lundo lile lile, kwa kasi ile ile. Mwenye mahindi ametandika turubai chini, naye anataka kujua eneo linalofunikwa na kitako cha lundo linaongezeka kwa kasi gani wakati kimo kinapofika mita 1. Jibu sahihi halina π ndani yake. Akipata lenye π, asilifute; atazame ni mstari gani uliowekewa namba kabla ya wakati wake.