Kifutio cha nuru: hakuna mutu mwenye alifuta jana

Kuko video yenye inapita kwenye simu za watu. Inasema wanasayansi walipata kifutio cha kufuta mambo yenye yalishapita: unafanya kitu leo, na jambo la jana linabadilika. Watoto wanaitazama, wakubwa pia. Mama mumoja, mwenye bwana yake hakutoka tena katika shimo, alituuliza bila kuzunguka: «Ni kweli? Wanaweza kurudi nyuma?» Hatukutaka kumujibu mbiombio. Tulienda kutafuta kazi yenyewe yenye video inazungumuzia.

Ni kazi ya wanafizike watano: Yoon-Ho Kim, Rong Yu, Sergei Kulik, Yanhua Shih na Marlan Scully. Waliifanyia Maryland, kule Marekani, na ilitangazwa katika mwaka wa 2000. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Scully alilitoa pamoja na Kai Drühl katika 1982.

Tuanze na maji. Tupa mawe mawili pamoja katika maji yenye kutulia. Mawimbi yanakutana: mahali fulani yanapandana, pengine yanauana na maji yanabaki sawa. Nuru pia inafanya vile. Muingereza Thomas Young alionyesha hilo miaka zaidi ya 200 iliyopita. Nuru ikipita kwenye matundu mawili madogo yenye kukaribiana, kwenye ukuta unaona mistari: mwangaza, giza, mwangaza, giza. Hata ukituma nuru punje mojamoja (punje hiyo wanaiita fotoni), mistari inajijenga polepole, nukta kwa nukta.

Lakini kuko jambo moja la kushangaza. Ikiwa kunabaki alama, popote, yenye inaweza kusema punje ilipita tundu gani, mistari inapotea. Haiombe mutu aisome hiyo alama. Inatosha tu ikuwe.

Sasa, kule Maryland walifanya hivi. Walipiga nuru ya laser kwenye jiwe moja la kristali, mahali pawili. Mara kwa mara, fotoni moja inaingia mule na kutoka mapacha wawili. Pacha wa kwanza anaenda kwenye mashine ya kupokea nuru, waliiita D0, na D0 inaandika mahali alianguka. Pacha wa pili anapita njia ya murefu kidogo. Mbele yake kuko vioo vyenye vinapitisha nusu ya nuru na kurudisha nusu. Kwa bahati tu, anaweza kuanguka kwenye D3 ao D4, na hizo zinasema wazi mapacha walitokea mahali gani. Ao anaanguka kwenye D1 ao D2, kule njia zote mbili zimechanganywa, na hakuna tena mwenye anaweza kujua. Hapo ndipo wanasema alama «imefutwa».

Na huyu wa pili anafika karibu nanosekunde 8 kisha ndugu yake kushaandikwa. Ni kipande kidogo sana cha sekunde, lakini ni kisha. Video inashikilia hapo.

Kitu chenye video haisemi ni hiki: ukitazama alama zote za D0, hakuna mistari. Hakuna hata siku moja. Ni wingu moja tu lenye kulingana. Mistari inaonekana wakati unaleta orodha ya pili, ile ya mapacha wengine, na kuchagua tu alama zenye pacha wao alianguka D1. Chagua zenye pacha wao alianguka D2, unaona mistari pia, lakini imesogea: mahali pa mwangaza pamekuwa giza. Weka zote mbili pamoja, wingu linarudi. Na za D3 na D4 hazina mistari hata kidogo.

Fikiria depo yenye inapokea mifuko ya timu mbili. Siku yenye timu moja inaleta mingi, ingine inaleta kidogo, na kesho yake wanabadilishana. Mwenye depo anahesabu jumla, anaona kila siku ni sawa. Lakini mupe kaye yenye inaandika kila mufuko ni wa nani, na hapohapo ataona kupanda na kushuka. Kaye haikuongeza kilo moja katika mufuko.

Mufano wetu unaishia hapo, hatutaki kudanganya watu. Mufuko ulikuwa wa timu fulani tangu asubuhi, hata kaye ikipotea. Kwa fotoni haiko vile. Unaweza kuuliza pacha wa pili njia, ao unaweza kuchanganya njia na kupata mistari, lakini hauwezi kumuuliza yote mawili. Na majaribio yenye yalipatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger zawadi ya Nobel katika 2022 yalionyesha kama mapacha wa namna hiyo hawatembei na majibu yote katika mufuko tangu kuzaliwa, isipokuwa ukubali kama mumoja anagusa mwingine kwa mbali, papo hapo. Maana ya hiyo yote, wanafizike wangali wanabishania, na kwetu siye hilo ndilo jambo kubwa kuliko hadisi ya kufuta jana.

Timu ya Zeilinger ilijaribu kifutio hata kati ya visiwa viwili vya Hispania, La Palma na Tenerife, kilometre 144 kati yao, na kutangaza matokeo katika 2013. Hata kule, bila kulinganisha orodha mbili, hakuna mistari.

Tulirudi kwa yule mama, tukamuambia: hapana. Alama ya D0 ikishaandikwa inabaki vile ilivyo. Hakuna mwenye aliisogeza. Alifikiri kidogo, kisha akauliza: na orodha ya pili ikipotea, mistari inaenda wapi? Tukamujibu kama nukta zote zinabaki kwenye orodha ya kwanza, lakini hakuna mutu mwenye ataweza tena kuzitenganisha.