DATA YAKO NA KURA YAKO



Tunapotembelea vikundi vijijini tunasikia wengi wakisema hivi: "Mimi ni mkulima tu, sina siri. Mtu akijua jina langu na namba yangu ya simu, atanifanyia nini?" Ni swali zuri, na linahitaji jibu. Tunalijibu hapa kwa sababu linahusu kura, na siku ya kura maskini na tajiri wako sawa, kila mmoja ana yake moja tu.

DATA NI NINI?

Data ni habari zilizokusanywa na kuwekwa pamoja. Jina lako, namba ya kitambulisho, namba ya simu, umri, kijiji, dini, kabila, picha yako, pesa unazotuma na mambo unayosoma kwenye simu, zote hizo ni data yako. Habari moja peke yake ni kama punje moja ya mahindi, haimshibishi mtu. Lakini punje zikiwa nyingi ghala linajaa, na mwenye ghala ana nguvu.

Nyingine tunazitoa wenyewe. Tunaandika katika daftari la getini tukiingia ofisi za mjini, katika kitabu cha wakala wa pesa, katika fomu ya mkopo, na katika orodha ya wanaopewa mbegu. Nyingine zinachukuliwa bila sisi kuona. Ukifungua Facebook hulipi kitu ila bando lako. Lakini kampuni hiyo inapata karibu mapato yake yote kwa kuuza matangazo. Mwenye tangazo anachagua lionwe na watu wa umri gani, wa mahali gani, na wanaopenda nini. Kwa hivyo kila ukibonyeza alama ya "napenda", umeongeza punje moja ghalani.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watu zaidi ya 58,000 waliojitolea. Walitazama zile alama za "napenda" tu. Kwa alama hizo kompyuta iliweza kumtofautisha Mkristo na Mwislamu mara 82 kati ya 100. Kwa Wamarekani, ilimtofautisha mfuasi wa chama cha Democratic na wa Republican mara 85 kati ya 100. Alama za mambo madogo madogo ya kila siku zilitosha kumtambulisha mtu.

GHALA LIKIFUNGULIWA NA MWANASIASA

Mwalimu mmoja wa chuo hicho hicho, Aleksandr Kogan, alitengeneza programu ya maswali kwenye Facebook. Watu kama 270,000 walikubali kuitumia. Lakini wakati ule Facebook iliruhusu programu ya namna hiyo kuchukua pia habari za marafiki wa aliyejibu. Rafiki hakuulizwa wala hakujua. Mwishowe, kwa hesabu ya Facebook yenyewe, data za watu wapatao milioni 87 huenda zilichukuliwa, wengi wao wakiwa Wamarekani. Zilifika kwa kampuni ya Uingereza iliyoitwa Cambridge Analytica, ambayo kazi yake ilikuwa kusaidia wanasiasa kutafuta kura. Kampuni hiyo ilifanyia kazi kampeni ya Donald Trump ya mwaka 2016.

Habari hizi zilifichuliwa magazetini Machi 2018, na kampuni ikafungwa Mei mwaka huo. Mwaka 2019 Facebook ilitozwa faini ya dola bilioni 5 na serikali ya Marekani.

Mwaka 2020 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilisema imepata data za kampeni ile ya 2016. Wamarekani weusi kama milioni 3.5 walikuwa wamewekwa katika fungu la watu wa kukatishwa tamaa, yaani wabaki nyumbani siku ya kura. Watu wa kampeni hiyo walikanusha. Lakini tuelewe vizuri hatari yenyewe: mwenye orodha hana haja ya kukushawishi umpigie kura. Akikufanya uone hakuna haja ya kupiga kura, naye kwake amefaulu.

NA KENYA JE?

Msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Machi 2018 Channel 4 hiyo hiyo ilionyesha mkubwa mmoja wa Cambridge Analytica, aliyerekodiwa kwa siri, akijigamba kwamba kampuni yake ilifanya kazi katika uchaguzi wa Kenya wa 2013 na 2017. Alidai kwamba walibadilisha sura ya chama mara mbili, wakaandika manifesto yake, na wakawahoji watu 50,000 mara mbili. Jubilee, chama kilichotawala wakati huo, kilisema kampuni yenye uhusiano na hiyo ilikisaidia tu katika kutengeneza sura ya chama mbele ya watu.

Mwaka 2017 pia kulikuwa na video kwenye intaneti iliyoonyesha Kenya ikiwa imeharibika kabisa kwa njaa na vita, ati ndivyo itakavyokuwa marehemu Raila Odinga akichaguliwa. Video hiyo haikuwa na jina la mtu wala la chama. Baadaye mwaka huo shirika la Privacy International lilieleza kwamba kampuni ya matangazo kutoka Texas, Marekani, ndiyo iliyohusika. Basi mtu wa Texas, ambaye hajui hata bei ya debe la mahindi hapa kwetu, anatutia hofu sisi kwa sisi. Na katika nchi iliyozika zaidi ya watu 1,100 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hofu ya namna hiyo si mchezo.

UBAYA WAKE UKO WAPI?

Mtu atauliza: "Wanasiasa wamefanya propaganda tangu zamani. Kuna tofauti gani?"

Tofauti ni hii. Mheshimiwa akisimama barazani, wote wanamsikia. Akiwaahidi wa bondeni maji, wa mlimani wako pale pale, wanauliza, "Na sisi je?" Akisema uongo, mzee anasimama na kumwambia, "Hapana, mwaka ule hukusema hivyo." Hata mpinzani wake akisikia anapata nafasi ya kujibu. Demokrasia inaishi kwa kusikilizana namna hiyo.

Tangazo la simu linamnong'oneza kila mtu peke yake. Kijana asiye na kazi anaahidiwa kazi. Mfanyabiashara anaahidiwa kupunguziwa kodi. Mwenye shamba anaambiwa wageni watamnyang'anya, na huyo mgeni anaambiwa jirani yake anamchukia. Hakuna aliyesikia alichoambiwa mwenzake, kwa hivyo hakuna anayeweza kuuliza au kusahihisha. Mtu anakwenda kupiga kura akidhani mawazo ni yake mwenyewe, kumbe amepandiwa.

Wataalamu wanabishana kama matangazo haya kweli yanageuza kura nyingi. Lakini hata kama yanageuza chache, yanatunyima baraza letu. Huo ndio ubaya mkubwa.

KUTOKA KITABU CHA KIKUNDI HADI CHAMA CHA SIASA

Hata asiye na Facebook anaguswa. Katika uchaguzi wa 2017 wapiga kura wengi walipokea ujumbe wa simu kutoka kwa wagombea, ukiwataja kwa majina. Wengi waliuliza, "Huyu alinijuaje?"

Tena, Juni 2021 Wakenya wengi walishangaa walipotazama kwenye eCitizen na kukuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo. Wengine hawakuwa wamevisikia hata kidogo. Sababu ni rahisi kuelewa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inadai kwamba chama kinachotaka usajili kamili kiwe na wapiga kura angalau 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote 47. Kutafuta watu hao nyumba kwa nyumba ni kazi ngumu. Kunakili daftari lenye majina na namba za vitambulisho ni kazi ya jioni moja.

Sasa fikirini kitabu cha kikundi chenu. Kina majina, namba za vitambulisho, namba za simu, pengine na sahihi. Kwa mwanasiasa, hicho ni ghala lililojaa tayari. Mara ngapi mgombea ameleta viti na hema, halafu msaidizi wake akasema, "Mwenyekiti, nipe tu orodha ya wanachama, na namba za vitambulisho"? Viti vinaonekana, lakini bei ya viti haionekani. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa Novemba 2019. Kwa sheria hiyo una haki ya kuambiwa data yako itatumiwa kwa kazi gani, kuiona, kukataa isitumiwe, na kudai isahihishwe au ifutwe ikiwa ni ya uongo. Ukidhulumiwa unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo, na malalamiko yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa katika siku 90.

Sheria hii si karatasi tu. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Kitabu cha wanachama kikae kwa mtu mmoja aliyechaguliwa, kifungiwe, na kisipigwe picha ovyo ovyo.

2. Orodha isitolewe kwa mtu yeyote mpaka kikundi chote kikubaliane katika mkutano, na uamuzi uandikwe. Muulizeni anayeitaka: ni ya kazi gani? Nani mwingine ataiona? Itafutwa lini?

3. Anayetaka hesabu tu, apewe hesabu. "Tuko 32, wanawake 25" inatosha. Namba za vitambulisho za nini?

4. Kila mwanachama aliye na kitambulisho atazame kwenye eCitizen kama ameandikwa katika chama cha siasa. Asiyejua kompyuta asaidiwe na kijana wake anayemwamini, si mtu wa kuokota tu njiani. Akikuta ameandikwa bila kujua, ajiondoe na alalamike.

5. Ukipokea ujumbe wa siasa unaokutia hofu au hasira, usiusambaze. Uliza kwanza: nani ameulipia? Kwa nini ameniletea mimi?

6. Wakati wa kampeni, kila mkutano utengewe dakika kumi. Kila mtu aseme ameambiwa nini kwenye simu yake. Mtashangaa mkilinganisha. Kisha mgombea akija, mumuulize mbele ya watu wote. Hapo mnong'ono umekuwa baraza tena.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tangu mwaka huu uanze, tumeandika majina na namba zetu wapi na wapi? Tuliambiwa ni za nini?

2. Ni nani wamewahi kupata orodha ya kikundi chetu? Tulikubaliana?

3. Je, tumewahi kuogopa jirani kwa sababu ya jambo tulilosoma kwenye simu? Tulijuaje ni kweli?

4. Ni hatua gani moja tutakayoanza nayo kabla ya mkutano ujao, na ni nani atakayeisimamia?

Kumbukeni kwamba simu si adui yetu. Imetuletea pesa, habari za soko, na sauti za watoto wetu walio mbali. Tunachosema ni hiki: mbegu mnaziweka ghalani na pesa mnaziweka katika sanduku lenye kufuli tatu. Majina yenu nayo yawekeni hivyo hivyo.